Wachimbaji wa dhahabu na jumba la opera: jibu kuhusu Central City, Colorado

Swali: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Aurora, Colorado. Hivi karibuni niliwapeleka wageni wangu Central City, mji mdogo wa milimani uliojaa kasino, na nikaona jengo kubwa la mawe ambalo wenyeji wanaliita jumba la opera. Niliambiwa kwamba lilijengwa na wachimbaji wa dhahabu mwaka 1878. Wachimbaji na opera, wapi na wapi? Je, ni kweli opera iliimbwa humo, na imekuwaje jengo hilo lingali limesimama ilhali machimbo yalikufa zamani?

Jibu: Waliokusimulia hawakukudanganya, ila wamekupa nusu ya habari. Jumba hilo lilifunguliwa tarehe 4 Machi 1878, na mawe yake yalipangwa na mikono ya waashi ambao wengi wao walikuwa wachimbaji waliotoka Cornwall na Wales. Lakini mchoro wake ulikuwa kazi ya msanifu majengo wa Denver, Robert Roeschlaub, na gharama yake, inayotajwa kuwa kama dola 23,000, ilichangwa na wakazi wa mji, wakiwamo wafanyabiashara na watu wenye hisa katika machimbo, ambao walikuwa na sababu zao za kutaka mji uonekane wa kistaarabu. Ama kuhusu opera yenyewe, katika miaka 50 ya mwanzo iliimbwa mara chache mno kuliko jina la jengo linavyodai. Opera ambayo wewe na mimi tungeitambua kuwa ni opera ilipata makao ya kudumu humo baada ya mwaka 1932, wakati ambapo mji ulikuwa umekwisha kuwa gofu.

Ili swali lako la “wapi na wapi” lipate jibu la haki, inafaa tuanze na mwamba. Mwezi Mei 1859 mtafutaji madini aitwaye John Gregory aligundua dhahabu katika bonde jembamba ambalo baadaye liliitwa kwa jina lake, palipo sasa Central City na jirani yake Black Hawk. Wakati huo Colorado haikuwa hata jimbo dogo linalojitawala. Ilikuwa ni milima, makabila ya wenyeji waliokuwa wakisukumwa nje ya ardhi yao, na maelfu ya watu wenye sururu. Wenye kupenda kusifia mambo walilipachika bonde lile jina la maili moja ya mraba iliyo tajiri kuliko zote duniani. Dhahabu ya juu, ile iliyokuwa huru katika mwamba uliooza, iliisha mapema. Iliyobaki chini ilikuwa imefungamana na madini ya salfa, na mashine za kuponda mawe zilizokuwapo hazikuweza kuitoa, hivyo sehemu kubwa ya mali ikawa inatupwa pamoja na makapi. Kwa miaka kadhaa mji uliishi kwa matumaini tu. Aliyeuokoa ni profesa wa kemia, Nathaniel Hill, aliyeacha kufundisha chuoni na kufungua tanuri la kuyeyushia madini hapo Black Hawk mwaka 1868. Kuanzia hapo uchimbaji ukawa wa mashimo marefu, wa mitaji mikubwa, na wa watu wanaoijua kazi.

Watu wanaoijua kazi, kwa lugha ya karne ya 19, walikuwa ni watu wa Cornwall. Pembe hiyo ya kusini-magharibi mwa Uingereza ilikuwa imechimba bati na shaba kwa vizazi vingi, na bei ya shaba ilipoanguka mwaka 1866 migodi yake mingi ilifungwa na maelfu ya familia zikahama. Wamarekani waliwaita kina Binamu Jack, kwa sababu inasemekana kila palipotokea nafasi ya kazi kulikuwa na mmoja wao aliyekuwa na binamu nyumbani wa kuijaza. Walileta ujuzi wa kuchimba shimo lisiporomoke na wa kupanga mawe yakae yasitetereke. Kuta za mawe zinazoshikilia ngazi za nyumba katika miteremko ya Central City mpaka leo ni alama yao. Walileta pia dini ya Kimethodisti, na dini ya Kimethodisti ilikuja na kwaya.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, ufumbuzi wa fumbo lako ulipo. Msomaji aliyekulia katika nchi zetu hahitaji kuelezwa kwamba mtu anayeshika jembe au nyundo siku sita za wiki anaweza kusimama siku ya saba na kuimba sauti nne bila kukosea noti, kwa kuwa ameona jambo hilo katika makanisa ya Kilutheri, ya Kimoravian na ya Kikatoliki tangu utotoni. Wachimbaji wa Cornwall na wa Wales walikuwa watu wa namna hiyo hiyo. Walisoma muziki kanisani na wakaimba hata walipokuwa wakishuka shimoni. Kwao opera haikuwa kitu cha mabwana wa mijini peke yao, bali ilikuwa hatua inayofuata kwa mtu aliyekwisha kuziweza nyimbo nzito za kanisa.

Kabla ya jumba hili, mji ulikuwa tayari na mazoea ya jukwaa. Mwigizaji Jack Langrishe alikuwa akileta kundi lake la maigizo katika machimbo haya tangu miaka ya 1860, na ukumbi wake wa Montana ulikuwa ukijaa. Tarehe 21 Mei 1874 moto ulizuka na kuteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, ukumbi huo ukiwa miongoni mwa vilivyoungua. Lawama waliangushiwa wakazi Wachina, kama ilivyokuwa desturi ya miji ile kuwatupia wasio na mtetezi. Hoteli ya Teller House, iliyojengwa kwa matofali mwaka 1872, ilisalimika, na somo hilo likaeleweka: kuanzia siku hiyo aliyetaka kujenga katikati ya mji alijenga kwa tofali au kwa jiwe. Kwa hiyo, ukiuliza kwa nini jumba la opera ni la mawe, jibu la kwanza ni ule moto, na uzuri wa jiwe unafuata nyuma yake.

Mwaka 1877 waimbaji wa mjini, watu wa kujitolea wasiolipwa, walifanya onyesho la opera ya mtunzi Balfe kutoka Ireland iitwayo The Bohemian Girl, ambayo ilikuwa imechezwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1843 na kupendwa kote palipozungumzwa Kiingereza. Onyesho lilifana mno, na wakazi wakaona aibu kwamba watu wao wenye vipaji hawana mahali panapostahili. Michango ikaanza, Roeschlaub akapewa kazi, na kufikia mwezi Machi mwaka uliofuata milango ikafunguliwa. Ufunguzi ulichukua siku mbili, usiku wa kwanza ukiwa wa muziki na wa pili ukiwa wa maigizo.

Roeschlaub alizaliwa Munich, akalelewa Illinois, akapigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na alikuwa amefika Denver mwaka 1873 tu. Baadaye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kupewa leseni ya usanifu majengo katika Colorado. Kazi hii ya Central City ilikuwa ya ujana wake, na ninaipenda kuliko nyingine zake kubwa kwa sababu imejizuia. Uso wa jengo hauna mapambo mengi: ni mawe yaliyochongwa vizuri na matao katikati. Unene wa kuta unafika kama mita moja na robo. Ndani ndiko anasa ilikotumika. Mchoraji John Massman aliletwa kutoka San Francisco, na dari aliipaka rangi kwa ustadi wa kudanganya macho, kiasi kwamba anayeinua uso anadhani kuna kuba lililofunguka juu yake, ilhali ni dari bapa. Mtu aliyetoka kwenye shimo lenye giza na mshumaa mmoja alipata, kwa bei ya tiketi, anga.

Tulirudie jina, maana ndilo lililokushangaza. Katika Marekani ya enzi ile, ambayo kwa kufuata utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza huitwa enzi ya Victoria, neno “tamthilia” na mahali pake vilinuka ulevi na umalaya masikioni mwa watu wa kanisa. Muumini wa Kimethodisti asingeonekana akiingia katika nyumba ya maigizo. Lakini “jumba la opera” lilisikika kama mahali pa elimu, pa kwenda na mke na binti. Ndiyo maana katika nusu ya pili ya karne ya 19 miji midogo mingi sana ya Marekani ilijenga kumbi na kuziita hivyo, zikiwamo nyingi ambazo hazikuwahi kuona mwimbaji wa opera hata mmoja. Jina lilikuwa joho lililovalishwa ukumbi wa kijiji. Tofauti ya Central City na miji hiyo ni kwamba hapa, angalau mwanzoni, palikuwa na wakazi ambao kweli walikuwa wameiimba opera kabla ya kujenga.

Ila wakati waliouchagua ulikuwa mbaya kuliko walivyoweza kujua. Mwaka ule ule wa 1878 Nathaniel Hill aliihamishia shughuli yake ya kuyeyusha madini Argo, karibu na Denver, akifuata reli na makaa ya mawe. Mwaka ule ule habari za madini ya fedha ya Leadville, ng’ambo ya milima, ziliwasha moto mpya, na watu wenye mitaji na wachimbaji wenye miguu miepesi wakaanza kuondoka. Na mwaka ule ule reli, ambayo ilikuwa imefika Black Hawk tangu 1872, ilipandishwa hadi Central City yenyewe. Wakazi waliifurahia reli hiyo kwa kuwa ingewaletea makundi makubwa ya waigizaji. Hawakufikiria kwamba njia inayopandisha waigizaji ndiyo hiyo hiyo inayoshusha watazamaji. Mnamo Septemba 1881 tajiri wa Leadville, Horace Tabor, alifungua jumba lake kubwa la opera jijini Denver, na kuanzia hapo mwenye fedha na hamu ya kuona nyota halisi alipanda treni akaenda huko.

Kwa hiyo jumba lilikuwa na miaka michache tu ya fahari kamili. Isikupitie lakini kwamba mji haukufa papo hapo. Machimbo ya kaunti ya Gilpin, ambamo mji huu umo, yaliendelea kutoa dhahabu, na idadi ya wakazi, iliyokuwa kama 2,600 mwaka 1880, ilizidi 3,000 mwaka 1900. Kilichoondoka kwanza ni hadhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 jumba lilikaribia kugeuzwa mahakama ya kaunti, na wakazi wakapiga kelele mpaka likabaki kuwa ukumbi. Nalitaja tukio hilo kwa sababu ni mara ya kwanza kati ya mara mbili ambapo jengo hili liliokolewa na watu waliokataa tu.

Je, walioingia humo waliona nini? Nyumba za aina hii zilikuwa ukumbi wa kila jambo: makundi ya kupita yenye tamthilia za machozi, wahubiri, wanasiasa, matamasha ya bendi, mahafali ya shule. Lazima nitaje pia aina moja ya burudani ambayo vitabu vya watalii huiruka, yaani maonyesho ambamo wazungu walijipaka masizi usoni na kuwaigiza watu weusi kwa kejeli. Yalikuwa miongoni mwa maonyesho yaliyopendwa zaidi katika Marekani nzima ya wakati huo, na yalizunguka katika kumbi za miji midogo kwa miongo mingi. Anayetaka kulipenda jumba la Victoria analipenda na hilo likiwa ndani yake.

Anguko la kweli lilikuja katika karne ya 20. Kati ya mwaka 1910 na 1920 wakazi walishuka kutoka karibu 1,800 hadi chini ya 600, kwa kuwa gharama za kuchimba zilipanda ilhali bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa kisheria. Kilichozuia jumba lisiende na mji ni ukaidi wa mtu mmoja. Peter McFarlane, aliyezaliwa mwaka 1848, alikuwa mkandarasi na mtengenezaji wa mitambo ya kuponda mawe, na kampuni yake na nduguye ilikuwa na mkono katika majengo mengi ya mji huo. Alikuja kuwa mmiliki na meneja wa jumba la opera, akaendelea kulifungua hata pale ambapo hesabu zake zilimwambia afunge. Alijaribu filamu bubu, maana ndizo zilizokuwa zikivuta watu, lakini hata hizo zinahitaji watu wa kuvutwa. Mnamo 1927 milango ikafungwa. McFarlane alifariki mwaka 1929, bila kujua kama jumba lake lingefunguliwa tena.

Ukweli mchungu ni kwamba umaskini ulilitunza jengo kuliko ambavyo utajiri ungelitunza. Lau Central City ingeendelea kustawi, kiwanja hicho kilicho katikati ya mji kingejengwa kitu kingine kikubwa zaidi. Tazama yaliyolipata jumba la Tabor jijini Denver, lililokuwa la kifahari mara nyingi zaidi: lilibomolewa mwaka 1964 na mahali pake pakajengwa benki. Jumba alilolijenga Tabor huyo huyo huko Leadville mwaka 1879 lingalipo, na Leadville nao ulikuwa umefilisika, kwa sababu bei ya madini ya fedha ilikuwa imeanguka mwaka 1893. Mji usio na fedha ya kujenga hauna pia sababu ya kubomoa. Pamoja na hayo, umaskini peke yake haungetosha, kwani paa lililovuja lingemaliza kazi katika miaka michache. Zilihitajika kuta za waashi wa Cornwall, na familia ambayo haikuuza mawe.

Warithi wa McFarlane walilitoa jumba kwa Chuo Kikuu cha Denver mwaka 1931. Nyuma ya uamuzi huo walikuwamo wanawake wawili. Mmoja ni Ida Kruse McFarlane, aliyekulia Central City, akaolewa katika familia ya Peter McFarlane na kuwa profesa katika chuo hicho. Wa pili ni Anne Evans, binti wa John Evans, aliyekuwa gavana wa pili wa Colorado ilipokuwa bado haijawa jimbo kamili la Marekani. Ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati ambapo hakuna benki ambayo ingekopesha fedha kwa ajili ya ukumbi wa maigizo katika mji wa watu 600. Waliwaendea watu, wakawaomba michango, wakakusanya wafanyakazi wa kujitolea waliofagia vumbi la miaka mingi, na wakabuni njia ambayo naiona kuwa ya werevu mkubwa: viti vya mbao vichongwe majina ya waanzilishi wa Colorado, na anayetaka babu yake akumbukwe achangie kiti. Kwa njia hiyo ukumbi ukajaa kabla tiketi hazijauzwa, umejaa wafu.

Kuna jina moja kati ya majina hayo ambalo nataka ulifahamu, kwa sababu hakuna uwezekano mkubwa kwamba mwongoza watalii alikutajia. Clara Brown alizaliwa utumwani Virginia karibu na mwaka 1800. Mume wake na watoto wake waliuzwa kwa mabwana tofauti tofauti. Alipopata uhuru akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 50, aliingia katika msafara wa magari ya kukokotwa kuelekea Colorado mwaka 1859 kwa makubaliano ya kuwapikia wasafiri, akaishia Central City, na huko akafungua shughuli ya kuwafulia nguo wachimbaji. Fedha alizozipata alizinunulia nyumba na hisa za machimbo. Wamethodisti walikusanyika kusali nyumbani kwake kabla hawajawa na kanisa, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alizitumia akiba zake kuwasaidia watu walioachwa huru kuhamia Colorado. Moto ulimpora baadhi ya mali yake. Kwa miaka mingi alimtafuta binti yake Eliza Jane, akampata mwaka 1882, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Kiti kimoja katika jumba la opera kilitengwa kwa jina lake. Unapotazama safu za viti vile ukafikiri kwamba historia ya mji huo ni ya wazungu watupu wa Cornwall, kumbuka kwamba yupo pale mama aliyewafulia fulana zao.

Tarehe 16 Julai 1932 jumba lilifunguliwa tena kwa tamthilia ya Camille, mhusika mkuu akiwa Lillian Gish, nyota wa filamu bubu, chini ya uongozi wa mbunifu mashuhuri wa majukwaa Robert Edmond Jones. Wageni walipanda kutoka Denver wamevaa nguo za miaka ya 1870. Lilikusudiwa kuwa tukio la kiangazi kimoja, lakini likawa desturi: karibu kila mwaka wakati wa kiangazi, ukiacha hasa miaka ya Vita vya Pili vya Dunia ambapo lilifungwa hadi 1946, jumba likawa na msimu wake. Polepole opera ikachukua nafasi ya kwanza, na kampuni iliyotokana na juhudi hizo sasa ni miongoni mwa kampuni za opera zenye umri mkubwa zaidi nchini Marekani. Soprano Beverly Sills aliimba humo nafasi ya Aida, katika opera ya Verdi yenye jina hilo, mwaka 1960, miaka kadhaa kabla dunia haijalijua jina lake vizuri.

Tukio kubwa kuliko yote kwa jukwaa hilo, hata hivyo, lilikuwa tarehe 7 Julai 1956, ilipoimbwa kwa mara ya kwanza opera ya The Ballad of Baby Doe, muziki ukiwa wa Douglas Moore na maneno ya John Latouche. Inamhusu Elizabeth McCourt, aliyefika Central City mwaka 1877 akiwa bibi harusi wa kijana Harvey Doe, aliyetumwa na baba yake kusimamia mgodi. Ndoa hiyo ilivunjika. Elizabeth akahamia Leadville, akapendana na Horace Tabor yule yule wa majumba ya opera, ambaye alikuwa na mke, na wakafunga ndoa Washington mwaka 1883, Tabor akiwa seneta wa siku 30. Miaka kumi baadaye madini ya fedha yalianguka bei na mali yote ikapotea. Tabor alifariki mwaka 1899, naye Elizabeth akaishi katika kibanda kando ya mgodi wa Matchless mpaka mwaka 1935 alipokutwa amekufa katika baridi. Basi mwanamke aliyekuwa akipita katika mitaa ya Central City mwaka ambao jumba lilikuwa likijengwa alikuja kuimbwa juu ya jukwaa lake karibu miaka 80 baadaye. Sijui jumba jingine la opera lililopata hadithi yake kwa ukaribu kiasi hicho.

Kuhusu kasino ulizoziona, hizo ni wageni wa juzi. Wapiga kura wa Colorado waliruhusu kamari yenye mipaka katika miji mitatu ya zamani ya machimbo mwaka 1990, nayo Central City ni mmojawapo, na michezo ilianza tarehe 1 Oktoba 1991. Sehemu ya kodi yake hupelekwa katika mfuko wa jimbo wa kuhifadhi majengo na maeneo ya kihistoria, na ndiyo hoja iliyotumika kuwashawishi watu. Matokeo yake, kwa macho yangu, ni mchanganyiko: nyumba nyingi za miaka ya 1870 zimebaki na nyuso zao huku matumbo yao yametolewa na kuwekwa mashine za kamari. Jumba la opera halikuguswa, kwa kuwa lilikuwa tayari na mwenyewe.

Ukirudi huko, nenda wakati wa msimu, kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Agosti, na ununue tiketi ya roshani badala ya kiti cha chini. Ukumbi una nafasi za watu wapatao 550 tu, kwa hiyo hata aliye nyuma kabisa anaona midomo ya waimbaji, na kutoka juu utaikaribia ile dari ya Massman kiasi cha kulitafuta kosa katika kuba lake la uongo. Chukua koti, maana uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai huko haufanani na wa Aurora. Kabla hujaingia, simama mlangoni uupime kwa mkono unene wa ukuta.